Maoni ya Marekani, Sebuleni kwa Maman

Mwaka ule wa uchaguzi wa Marekani, mama yangu aliamka kila siku na swali moja kabla hata ya kunawa uso. "Tuko ngapi leo?" Hakuwa anauliza saa, wala bei ya makaa. Alikuwa anauliza asilimia. Alitaka kujua kama mgombea wetu, mtu wa ng'ambo ambaye hajui kwamba mtaa wetu wa Nyalukemba upo duniani, amepanda au ameshuka tangu jana.

Na mtu wa kumjibu alikuwepo. Tonton, yaani mjomba wangu, mdogo wake maman, anafundisha siasa kwenye chuo kikuu kimoja hapa Bukavu, na kila asubuhi alipitia kwetu akienda kazini. Alikunywa chai yetu, akala mkate wetu, akatulipa kwa sondage. Sondage, kwa asiyejua, ni ile kazi ya kuwapigia simu watu wachache, kuwauliza watamchagua nani, halafu kutangaza kwamba nchi nzima imesema. Wanaume wengine wa umri wake wana ugonjwa wa presha. Yeye alikuwa na Marekani. Aliyajua majimbo ya kule yanayoegemea huku, yanayoegemea kule, na yale aliyoyaita yanayoyumba, ambayo ndiyo huamua mambo. Ukimuuliza chef wa avenue yake mwenyewe, mkuu wa mtaa anaolala, ni nani, atakuambia ngoja kidogo, nitakumbuka.

Usidhani tulikuwa wendawazimu peke yetu. Mama anayeuza vocha za simu pale kona alikuwa na msimamo kuhusu kodi za Wamarekani. Shemasi wetu alikuwa na msimamo kuhusu majaji wao. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mwaka ule watu wa mtaa wetu walifuga nywele za Kimarekani hadi zikawafunika macho. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika kwa majuma, na hakuna aliyekuwa na msimamo kuhusu hilo.

Lakini maman hakuwa anacheza. Dada yangu mkubwa, ambaye mimi namwita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu huku, aliondoka miaka mingi iliyopita kwenda kusoma, akaolewa hukohuko, akazaa, akawa raia. Alikuwa amepeleka karatasi za kumwombea mama yake akaishi naye, ashike wajukuu ambao anawajua kwa paji la uso tu, kwa sababu kwenye simu ya picha watoto hawatulii. Dossier, yaani faili la karatasi hizo, ilikuwa imepokelewa. Ilikuwa "en cours", yaani iko njiani, neno ambalo nchini kwetu limezeesha watu wengi. Maman alikuwa amenunua hadi koti, koti zito la baridi kutoka mitumba ya soko la Kadutu, akalitundika nyuma ya mlango wa sebule, likawa linanuka dawa ya nondo. Asubuhi za Julai alilivaa akaenda nalo hadi jikoni kupika chai. Alisema analizoea.

Wagombea wenyewe walikuwa wawili. Mmoja alisema kila siku, kwa sauti kubwa, kwamba akishinda atafunga mlango, wageni basi. Maman alimpa jina la Wa Kufunga. Wa pili hakusema atafungua. Alisema suala la wageni ni gumu na litatazamwa. Maman alimwita Wa Kutazama, na huyo ndiye aliyekuwa mtu wetu. Ndiyo hali tuliyofikia, kumshangilia mtu kwa sababu hajatupigia kelele. Basi asilimia zile kwa tonton zilikuwa elimu, kwa mtaa zilikuwa mpira, na kwa maman zilikuwa majibu ya hospitali. Wa Kutazama akipanda, maman alikula vizuri. Akishuka, sahani ilirudi jikoni na sambaza zake nzima, wale dagaa wa ziwa letu, na sisi tuliobaki mezani tulitafuna polepole kama watu walio msibani.

Mimi kazi yangu ni hiyohiyo ya kuuliza watu, ila haitangazwi redioni. Niko kwenye shirika moja la misaada, kitengo cha kupima kama walengwa wameridhika. Tunachimba vyoo upande wa Nyangezi, huko Walungu, kisha mimi napanda gari, naenda kuwauliza watu wa huko: mmeridhika na vyoo sana, kiasi, au hapana? Wanajibu "sana". Wanajibu "sana" hata pale ambapo choo hakijachimbwa. Ile sana naijua kwa masikio. Inatoka haraka, bila pumzi mbele yake, na macho ya anayejibu yako kwenye begi langu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na wenyeji wamekwisha kujua kwamba mgeni mwenye kalamu hamponyi mtu aliyelalamika. Basi naandika "sana", napeleka ofisini, ofisi inapeleka Ulaya, na Ulaya inalala usingizi mzuri. Ndiyo maana sondage za tonton zilinichekesha, na siku moja nikamchokoza mbele ya chai yake, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu.

"Tonton, bale batu benye banaulizwaka, banasemaka kweli?"

"Kule haiko kama huku," akanijibu, kwa ile huruma ya mtu aliyesoma. "Kule kila mutu iko na opinion yake mwenyewe. Unamuuliza, anakupatia."

"Kama vile iko na carte d'identité mu mufuko?"

"Exactement!"

Maman aliweka kikombe chini. "Na bale benye banaulizwa, unajua hata mumoja?"

Tonton alieleza kwamba si lazima kuwajua, kwamba wanachukuliwa kwa bahati, na kwamba ukitaka kujua gunia la maharagi huli lote, unatoboa pembeni, unatazama punje chache zinazomwagika. Maman amefundisha shule ya msingi maisha yake yote na kununua maharagi Kadutu kila Jumamosi.

"Mwenye kuuza anajua fasi utatobola," akasema, akaendelea kunywa chai.

Halafu, Alhamisi moja, dada yangu akaulizwa. Yeye anaishi katika mojawapo ya yale majimbo yanayoyumba. Simu ililia, kijana mwenye sauti nzuri akajitambulisha, akasema anafanya utafiti wa maoni, hautachukua muda. Na dada yangu, mwenye diploma mbili na uraia, akafanya jambo ambalo nadhani halijawahi kumtokea kijana yule. Hakukata simu, na hakujibu. Alimwambia: swali lako nimelisikia, nitakuwa na jibu Jumapili. Kijana akamweleza taratibu kwamba yanatakiwa maoni yake tu. Ndiyo, akasema dada, maoni yangu, Jumapili.

Nani atamlaumu? Kwetu jambo kubwa halijibiwi mtu akiwa amesimama. Ukija kuposa, unaambiwa rudi, tutakaa. Ukitaka kununua kiwanja, tutakaa. Hata mgonjwa akiulizwa na daktari kama apasuliwe, anasema ngoja nyumbani wakae. Mtu mwenye maoni yake peke yake, ambayo hakuna aliyekaa kuyazungumza, huku tunamwita mkaidi, na tunamwombea. Yule kijana, sijui kwa upole wake au kwa sababu watu kama dada yangu walikuwa haba kwake, alikubali kupiga tena Jumapili.

Habari ilipotufikia, tonton alisimama wima. Macho yalimlowa, naapa. Miaka yote alikuwa amesoma habari za hao wanaoulizwa jinsi watoto wa katekisimu wanavyosoma habari za watakatifu, na sasa mmoja wao ametoka tumboni mwa dada yake. Alikwenda chuoni akiwa hajamaliza mkate.

Jumapili baada ya misa tukakaa. Kikao kilikuwa cha watu wanne: maman kwenye kiti chake, tonton na miwani yake, mimi, na yaya ndani ya simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari. Kule kwake ilikuwa bado asubuhi, na kijana alikuwa ameahidi kupiga mchana wao. Tonton alifungua kikao kwa maelezo marefu ya kisayansi, ambayo nayaruka.

"Donc," akamaliza, "aseme tu ile yenye iko mu roho yake."

"Roho yako inasema nani?" maman akaiuliza simu.

"Wa Kutazama, maman. Ni ule mwenye nitachagua. Unajua."

"Basi aseme vile," tonton akasema, akifunga kalamu yake.

"Ngoja," maman akasema. "Ule kijana, numéro ya yaya alipata wapi?"

Kuuliza si ujinga, na swali hilo lilikuwa zito kuliko yote ya Marekani. Tonton alisema namba zinachaguliwa na machine. Maman akauliza machine ya nani. Tonton akanitazama mimi, na mimi nikatazama sukari.

Hapa lazima niseme kitu ambacho kila mtu wa Bukavu anakijua na hakuna anayekifundisha chuoni. Waulizaji wako wa aina mbili, wa kuleta na wa kubeba. Wa kuleta anakuuliza kama paa lako linavuja, kisha anarudi na maturubai. Baada ya zile mvua kubwa alikuja mmoja kwetu, na papa, baba yetu, marehemu sasa, mtu wa ukweli kama rula, alimjibu kwamba nyumba yetu haivuji. Kweli haikuvuja. Maturubai yakagawiwa nyumba zote za avenue, zenye kuvuja na zisizovuja, ikabaki yetu peke yake katikati ya rangi ya buluu, na maman hakumsemesha papa hadi nguo zilizoanikwa zikakauka mara nyingi. Wa kubeba naye anauliza: nani analala humu, nani alipita jana, ninyi mnampenda nani? Yeye pia anarudi, ila si na turubai. Kwa wa kwanza unasema una shida. Kwa wa pili unasema unampenda mkubwa. Anayechanganya mawili haya ana bahati akichekwa tu.

"Huyu wa Amerika," maman akauliza, "iko wa kuleta ao wa kubeba?"

"Haiko wa kuleta, haiko wa kubeba," tonton akasema. "Iko indépendant."

"Mutu hawezi kukupigia simu bure."

"Dada, ni anonyme! Bila jina!"

"Bila jina, na numéro yake iko nayo?"

Maman alijiweka sawa kitini, na nikaona kwamba uamuzi umekwisha kukatwa.

"Mie dossier yangu iko kwa serikali," akasema polepole. "Wa Kufunga akiingia, atauliza bale benye habakumupenda ni banani. Aseme anamupenda. Kura atapiga ya siri. Mudomo ni ya batu, kura ni yake."

Tonton alishika kichwa. "Mutaharibu chiffres, namba zote! Mukidanganya, mukisema bongo, sondage nayo itakuwa ya bongo!"

"Na dossier yangu ikipotea, ni chiffres zitaenda kuitafuta?"

Tonton alinuna, lakini msomi hawezi kuvumilia kuona jibu baya linatengenezwa mbele yake, hata likiwa la uongo. Punde akawa analirekebisha. Aseme ni kwa sababu ya mipaka, akashauri, mipaka na bei ya mafuta ya gari, ndizo sababu zinazotajwa sana na watu wa jimbo lile. Asitaje dini, itaonekana amefundishwa. Kisha mimi, kama mtu wa kazi, nikafanya mazoezi na yaya.

"Je, madame, unamuunga mkono Wa Kufunga sana, kiasi, au hapana?"

"Kiasi," yaya akasema, sauti ya mtu anayekunywa dawa chungu.

Maman alipiga meza hadi simu ikaanguka. "Kiasi ni ya mutu mwenye anaficha kitu! Sema sana. Na usikawie. Ukikawia banajua."

Tulirudia, tukarudia, mpaka ile sana ikaanza kutoka bila pumzi mbele yake. Ilipokomaa niliitambua mara moja, ilikuwa sana safi ya Nyangezi. Mimi nilicheka hadi machozi, yaya naye akacheka kule, tonton akacheka bila kutaka. Maman peke yake hakucheka. Mchana wao kijana alipiga, yaya akajibu kama tulivyokaa, kijana akamshukuru kwa ushirikiano wake.

Majuma yakapita. Asubuhi moja redio ya ng'ambo, ile maman anayoisikiliza akichambua mchele, ikatangaza sondage mpya. Katika jimbo fulani linaloyumba, jimbo la yaya, wageni waliopata uraia walikuwa wanamgeukia Wa Kufunga kuliko ilivyodhaniwa. Wataalamu wakaitwa kueleza. Mmoja alisema wageni ni watu wa dini. Mwingine alisema mtu akishapanda ngazi huivuta juu. Wa tatu alisema kwa furaha kwamba sasa wamekuwa Wamarekani kamili. Hakuna aliyesema kwamba labda waliogopa simu.

Maman alisukuma ungo wa mchele. "Bapumbafu!" akasema. "Bamefika, banafungia bamama yabo inje! Ni mama gani alizaa batoto kama bale?"

Tonton akaingia wakati huohuo, naye ameisikia njiani, uso unamwaka. Hakuketi. Alisema hilo ni phénomène zuri sana la kusoma, akaanza kutueleza jinsi mgeni anavyoiga chuki za mwenyeji ili aonekane mwenyeji, akachora mishale miwili mezani kwa kidole kilicholowa chai. Nilimtazama yeye, nikamtazama maman, nikingoja ni nani atakumbuka kwanza. Hakuna aliyekumbuka. Mmoja analaani, mwingine anafundisha, na wote wawili walikuwa wameketi kwenye kile kikao.

"Maman," nikasema, "mama mwenye alizaa bale batoto ni weye."

Tonton aliacha kuchora. Kisha akakohoa, akasema mtu mmoja kati ya mamia hawezi kubadilisha kitu, hesabu haifanyi kazi hivyo. Maman aliokota jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa nje kwa dirisha.

"Na bale bengine," akauliza, "habakuwa na mama?"

Swali hilo limenisumbua kuliko vitabu vyote ambavyo tonton aliniazima. Kwa nini tuwe sisi tu? Kule kuna yaya wengine, wa kutoka kila mahali palipowahi kupita waulizaji wa aina mbili, na kila mmoja ana mtu nyumbani mwenye dossier na hofu. Kijana mwenye sauti nzuri aliwapigia, nao wakamjibu "sana". Yeye akaandika kuwa ni mapenzi. Angekuja kuniuliza mimi, ningemwambia kilichokuwa kwenye simu, maana nimekiandika mimi mwenyewe kwa miaka nikalipwa mshahara.

Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Neno lilishatoka redioni, likawa na miguu. Shemasi wetu alisimama baada ya misa akasema hata watoto wetu wa kule wanamtaka Wa Kufunga, kwa hiyo pengine Mungu ana mpango. Mama wa vocha, ambaye juzi yake alikuwa upande wa Wa Kutazama hadi kwenye kitambaa cha kichwa, alibadilika kabla ya saa sita mchana na kuapa kwamba hata zamani alijua. Kule kwa yaya nako, kwenye kanisa lao la Wakongomani, watu waliokuwa kimya walianza kusema kwa sauti. Kama imetangazwa kwamba tuko wengi, basi tuko wengi. Yaya alitusimulia hayo akicheka. Baadaye akawa anayasimulia bila kucheka. Halafu Jumapili moja akasema, kama mtu anayepita tu:

"Mais maman, hata ule Wa Kufunga iko na haki kidogo. Maisha ya huku imekuwa mugumu. Batu bote bakikuja, tutaishi wapi?"

"Acha sasa," maman akamwambia. "Ule kijana haiko kwa simu."

Nilingoja acheke. Upande wa pili ulisikika mlango wa friji ukifungwa, kisha yaya akauliza kuhusu afya ya shangazi.

Wa Kufunga akashinda. Asubuhi ile tonton alikuja, akakataa chai, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alitueleza kwamba sondage hazikukosea. Matokeo yalikuwa ndani ya marge d'erreur, ile nafasi ya kukosea ambayo wenye sondage hujitengea mapema. Nilimwonea wivu. Nami ningependa ofisini kwetu tuwe nayo, choo kikianguka tuseme kimeanguka ndani ya nafasi yake. Maman hakumsikiliza. Alikuwa anatazama koti nyuma ya mlango, na nilimwonea huruma hadi nikakasirika, sijui nilimkasirikia nani. Dossier haikukataliwa. Ilibaki en cours, tena zaidi ya mwanzo.

Mwaka uliofuata mji wetu wenyewe ukabadilisha wenye kuamuru, kwa mtutu wa bunduki, bila sondage yoyote. Ndege za uwanja wa Kavumu zikanyamaza, benki zikafunga milango, na wenye vipaza sauti wakaja kutuuliza mnajisikiaje. Tunajisikia vizuri. Nilimwona shemasi wetu kwenye video katika simu ya jirani, amevaa shati la Jumapili, akiulizwa kama hali imetulia. "Sana," akasema, na macho yake hayakuwa kwa anayemuuliza. Nadhani mahali fulani duniani kuna tonton wa nchi nyingine aliyeiandika hiyo, akaichorea mshale.

Kwa maman yalibaki mambo mawili tu, koti na simu ya Jumapili. Hakuuliza tena tuko ngapi. Koti alikuwa amelishusha, akawa analivaa kama nguo ya kawaida, analo hata akiokota makaa. Siku ninayotaka kuisema mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, sebule ilikuwa baridi, nami nilikuwa nachambua maharagi mezani. Yaya akapiga. Wakasalimiana, watoto wakapita mbele ya kamera, paji moja, paji jingine. Maman akauliza shule, akauliza mume, akauliza theluji. Kisha, bila kubadilisha sauti:

"Ile siku ya kura, ulichagula nani?"

"Wa Kutazama, maman."

"Muzuri." Alivuta koti kifuani. "Na mie, ungali unapenda nikuje?"

"Sana, maman."

Ilitoka hivyo. Haraka, bila pumzi mbele yake. Mikono yangu ilisimama juu ya maharagi, kwa sababu naijua ile sana, nimeisikia kwenye milima yote ya Walungu. Labda nakosea. Labda anampenda na kumtaka kweli, na simu tu ndiyo inafanya sauti iwe hivyo, au pengine amechoka, ametoka kazini. Niliyafikiri yote hayo kwa nguvu, nikimwombea dada yangu. Kisha nikamtazama maman, mwalimu wa miaka yote ile, ambaye hajawahi kudanganywa na mtoto anayekariri somo.

Hakumgombeza. Alimwambia asante, mwanangu, busu watoto. Akatafuta kitufe, akazima simu, akaiweka kando ya kopo la sukari.

"Amejibu muzuri," akaniambia. "Hakukawia hata kidogo."

Mvua ilikuwa bado inanyesha. Akasimama, akavua koti, akalirudisha nyuma ya mlango, akaniomba nimletee kitenge kwa sababu alikuwa anasikia baridi.